Breki Zenu Zinaua Magitaa

Mulot siku hizi ina sauti moja inayosikika kuliko kengele za makanisa na kuliko honi za malori yanayopita kati ya Narok na Bomet. Ni sauti ya wimbo unaozimwa ungali hai. Mwimbaji yuko katikati ya neno, gitaa ndiyo kwanza linapata moto, halafu ghafla sauti inanenepa, inazama, inakuwa ya zimwi, inakatika. Vuuuum. Kabla hujauliza kumetokea nini, wimbo mwingine ushaingia, na dakika moja na nusu baadaye nao unachinjwa vile vile. Madijei wanaiita breki, au breki ya tepu wakitaka uone wamesoma. Mimi naiita wizi.

Najua, ukitaja Mulot na wizi kwenye sentensi moja, msomaji wa Nairobi anashika simu yake kuangalia salio. Sawa, tumezoea. Lakini wizi ninaousema hauhitaji laini ya simu ya mtu. Unafanywa mchana, kwa spika kubwa, na sisi wenyewe tunaucheza dansi.

Nijitambulishe ili mjue anayewagombeza ni nani. Nina miaka ishirini na kitu. Chuo kikuu nilikiacha mwaka wa pili, karo ilipomaliza ng'ombe. Naandika kwa yeyote anayelipa, na makala yasipolipa nakata sauti: matangazo ya duka la pembejeo, nyimbo za kwaya, mixi za harusi, yote kwenye laptopu ya mkono wa pili ambayo ukiichomoa ukutani inazimika. Kwa hiyo msije mkaniambia mimi ni mzee anayechukia mambo ya vijana. Breki ya tepu naijua. Nimeitengeneza kwa mkono mara nyingi, sekunde kwa sekunde, na ninaipenda. Hasira yangu inatoka hapo hapo. Mtu asiyependa nyama hajali ikiungua.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi mnabonyeza bila kujua mnabonyeza nini.

Ndani ya redio ya kaseti kuna mota ndogo. Mota inazungusha kijiti cha chuma, na kigurudumu cha mpira kinaukandamiza utepe kwenye kijiti hicho ili upite mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo usiobadilika, sentimita 4.76 kwa sekunde. Mwendo huo ukibadilika, wimbo umebadilika. Mota ikikosa nguvu, utepe unapita polepole, kila wimbi la sauti linachukua muda mrefu zaidi kupita, na sauti inakuwa nzito papo hapo inapochelewa. Uzito na uchelewaji havishuki kama vitu viwili vilivyoongozana. Ni kitu kimoja. Mwendo ukifika nusu, sauti imeshuka oktavu moja kamili, na neno lililochukua sekunde moja linachukua mbili.

Huku kwetu hakuna aliyehitaji kompyuta kuipata sauti hiyo. Ilikuja yenyewe betri zilipoisha. Zile betri za paka, zilizotengenezwa Nakuru mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, watu walizipigania hadi tone la mwisho. Waliziuma. Walizianika juani juu ya mabati. Walirudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Bic ili mota isifanye kazi hiyo. Na bado ilifika saa ambapo mwimbaji alianza kuzeeka katikati ya wimbo, akawa mlevi, akawa jitu, akanyamaza. Waliokuwa wakicheza wakasema aaaah kwa pamoja. Kila mtu alijua maana yake: sherehe imekatwa na umaskini, si na mwanamuziki.

Hata kabla ya kaseti sauti hiyo ilikuwepo. Gramafoni ya zamani haikuwa na umeme. Ulizungusha mkono wake ukakaza springi, na springi ikilegea kabla santuri haijaisha, wimbo ulizama. Na Wakipsigis wanajulikana katika historia ya muziki kwa sababu ya gramafoni. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi, akakuta wasichana wanaimba kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika kwenye vilima hivi kupitia santuri na jina lake likapata ulimi wa kwetu. Zaidi ya miaka 60 baadaye, watu wa maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey Afrika Kusini, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, walizirudisha nakala za rekodi zile kwa watu wa huku. Fikiria hilo. Watu wametoka mbali namna hiyo kuturudishia wimbo mmoja mfupi wa wasichana na kinubi, na sisi wenyewe, kila Jumamosi, tunakata nyimbo zetu kwa kidole gumba.

Sasa tuingie jikoni. Watakaosema naongea tu wakae waone hesabu.

Chukua wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja ni nusu sekunde, na baa ya mapigo manne ni sekunde 2. Ukishusha mwendo kwa mstari ulionyooka, kutoka kamili hadi sifuri, ndani ya hizo sekunde 2, sehemu ya wimbo unayoitumia ni sekunde 1 tu. Nusu ya baa. Mapigo mawili yaliyobaki hayatasikika kamwe. Kwa hiyo ukibonyeza kwenye pigo la kwanza huku mwimbaji akianza kutaja jina refu, umemruhusu aseme nusu ya jina. Ukijua hesabu hii utachagua mahali. Utatafuta neno linaloisha kwenye pigo la pili, au sauti ya ngoma peke yake, au pumzi, na wimbo unaofuata utaupokea kwenye pigo lake la kwanza bila pengo.

Kuna na jambo la sikio. Sikio halipimi mshuko kwa kutoa, linapima kwa kugawanya. Kwenye mstari ule ule ulionyooka, sekunde 1 ya kwanza inakushusha oktavu moja. Nusu sekunde inayofuata, oktavu nyingine. Robo sekunde, nyingine tena. Yaani mwanzoni hakuna kinachoonekana kutokea, halafu mwishoni wimbo unaanguka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Mota halisi inayokufa haifanyi hivyo. Betri ikiisha, mshuko unaanza mapema na unasitasita: unashuka, unajikaza, unashuka tena. Ukitaka breki yenye utu, chora mshuko uliopinda, uanze mapema na umalizike taratibu, na uiache sauti ififie kabla mwendo haujafika sifuri.

Hivi vyote vinawezekana kwa programu za bure. Audacity ina mstari wa mwendo unaouvuta kwa kipanya, na wimbo unashuka kasi na uzito kwa pamoja kama utepe. Mstari huo unashika kila kilichomo kwenye projekti, kwa hiyo fanya breki kwenye faili yake peke yake, itoe, kisha iingize kwenye mixi. Kazi ya dakika kumi. Msitumie kile kifaa kinachopunguza kasi na kuacha sauti ibaki juu, halafu mkaniambia hiyo ni tepu. Tepu haijawahi kufanya hivyo tangu izaliwe. Kompyuta ndiyo iliyovitenganisha.

Lakini mnaofanya nini? Mnafungua VirtualDJ, mnabonyeza breki, ya urefu ule ule, kwa wimbo wa harusi, kwa wimbo wa dini, kwa benga, kwa rege, kwa Bongo. Arobaini kwa saa. Kiungo kinachofaa kipimwe kwa ncha ya kisu mnakimwaga kwa sufuria.

Na sababu ninaijua, ingawa hamuisemi. Nyimbo za zamani za huku ni ngumu kuunganisha. Bendi zile hazikurekodi na mashine ya kuhesabu mapigo masikioni. Mpiga ngoma alikuwa mtu, akichangamka anaharakisha, akichoka anavuta. Wimbo unaoanza kwenye mapigo 116 unaweza kuisha kwenye 121, na kompyuta yako ikijaribu kuulinganisha na wimbo uliotengenezwa kwa kinanda unasikia farasi wawili wanaokimbia kwenye ngazi. Kuziunganisha hizo kunataka sikio, kunataka mkono kwenye gurudumu, kunataka uwe umeusikiliza wimbo mpaka mwisho angalau mara tatu. Breki inakusamehe hayo yote. Unauua mmoja, unamfufua mwingine, na hakuna anayejua kwamba hukuweza kuwatembeza pamoja hata hatua nne. Imekuwa shuka ya kufunika kitanda kisichotandikwa.

Sasa nieleze kinachouawa, maana hapo ndipo maneno yangu yanapokuwa makali.

Kericho haikuwa chai peke yake. Pale mjini palikuwa na duka la muziki la Chandarana, lililorekodi na kutoa santuri za wanamuziki wa Kipsigis, Wajaluo, Wakisii na Waluhya. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et ni wa ulimwengu huo. Santuri zile za mizunguko 45 zilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, kwa hiyo nyimbo nyingi za benga za enzi hizo ziligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Na mgawanyo huo haukuwa wa nafasi tu. Benga imejengwa hivyo. Inaanza kwa maneno. Mwimbaji anakusimulia habari zake, magitaa yanamsindikiza kwa adabu. Kisha anafika mahali anawaachia. Gitaa la kwanza linatangulia, la pili linajibu, besi inaruka, mwendo unapanda, na kuanzia hapo wimbo ni wa watu wa vidole. Mwimbaji alikuwa anafungua lango tu. Ng'ombe wako ndani.

Mixi zenu zinafika langoni na kupiga breki. Kila mara. Dakika ya kwanza na nusu ni maneno, na dakika moja na nusu ndiyo mnayompa kila wimbo. Kwa hiyo kizazi kizima cha Mulot, cha Longisa, cha Sotik, kinajua malango na hakijawahi kuona ng'ombe. Muulize kijana wa bodaboda anayebeba spika chini ya kiti akuimbie mwanzo wa wimbo wa zamani. Atakuimbia vizuri, na Kikipsigis chake safi. Muulize gitaa linafanya nini baada ya hapo. Atakufanyia vuuuum kwa mdomo. Anadhani ni sehemu ya wimbo.

Nilikuwa kwenye mazishi ya mzee mmoja upande wa juu, kule ukungu na majani ya chai vinapoanzia. Mzee huyo ujanani alikuwa mpiga gitaa la pili kwenye bendi ambayo haikudumu, na kuna wimbo mmoja uliorekodiwa ambao vidole vyake vinasikika. Jina lake halikuandikwa kwenye santuri. Santuri yenyewe haiko nyumbani kwake, iliisha kwa watoto na joto la jua. Wajukuu waliutafuta wimbo huo kwa wiki nzima, wakaupata kwa mtu, wakampa dijei waliyemkodi, wakamwambia: huu usiuguse, upige wote. Akasema sawa.

Baada ya kaburi, watu wakiwa wanakula, akauweka. Mjane alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na spika, na aliposikia sauti ya mwimbaji aliinua mkono mmoja kidogo, kama mtu anayesema ngoja, ngoja inakuja. Mwimbaji akaimba, akamaliza, akaita. Pale pale gitaa la pili linapoingia, vuuuum. Wimbo wa injili ukadunda. Mkono wa mama yule ulibaki juu. Akamgeukia mjukuu akauliza:

"Stima imepotea?"

"Hapana, kogo," mtoto akamjibu, kwa upole kabisa. "Ni staili."

Dijei yule simtaji na wala si mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi kama anavyojua inafanywa. Kidole chake kimezoea. Ndiyo maana siandiki barua kwa mtu mmoja, naandika kwa vidole vyenu wote. Mama yule aliisikia breki kwa maana yake ya kweli kuliko fundi aliyeipiga. Sauti inayozama kwake ni kitu kimekufa na hakikutaka kufa. Ninyi mmeisikia mara elfu mpaka haimaanishi kitu.

Naona mnaandaa majibu. Nayajua, nimeyasikia kwenye vibanda vya kupakia nyimbo.

La kwanza: ati watu wa leo hawana subira, wanataka nyimbo nyingi. Nani kasema? Angalieni uwanja, msiangalie skrini. Kwenye maneno watu wanazungumza, wanatafuta soda, wanasalimiana. Gitaa likichukua usukani ndipo mabega yanaanza. Ninyi mnakata wakati mabega yanaanza, halafu mnalalamika eti umati wa siku hizi hauchezi. Mnawapikia chai, ikichemka mnaimwaga, mnaweka maji mengine baridi.

La pili: ati ni sanaa, na sanaa ina uhuru. Hapa mna hoja na nitaiheshimu. Houston, Marekani, kulikuwa na DJ Screw, jina lake Robert Earl Davis Jr., aliyekufa mwaka 2000. Alijenga jina lake lote juu ya kupunguza mwendo wa santuri na kurekodi mixi kwenye kaseti. Sauti nzito, polepole, maneno yanavutika kama asali. Lakini tazameni alichofanya. Alipunguza mwendo wimbo ukiendelea, ili watu wakae ndani yake kwa muda mrefu zaidi. Alichukua sauti ya mashine inayochoka akaifanya nyumba. Ninyi mnaichukua mnaifanya mlango wa kutokea. Yeye aliupunguza wimbo mwendo ili usikike. Ninyi mnaupunguza ili uishe. Kama mnataka uhuru wa msanii, chukueni na kazi yake.

La tatu ndilo linaloniuma: ati anayetaka wimbo mzima akautafute. Wapi? Semeni wapi. Santuri za mizunguko 45 zimebaki kwa wakusanyaji, wengine wao Ulaya. Kaseti zilinunuliwa nakala za magendo tangu mwanzo, na nyingi zilirekodiwa juu yake mahubiri na harusi. Kilichobaki kwa mtu wa kawaida sokoni ni kibanda chenye kompyuta, kebo na kadi ya memori. Unatoa hela kidogo unajaziwa. Unajaziwa nini? Mixi. Faili moja ndefu yenye jina la dijei, na dijei mwenyewe anapiga kelele za jina lake juu ya kila wimbo. Hakuna jina la bendi, hakuna jina la wimbo, seuze la mpiga gitaa la pili.

Hesabu tena. Mixi ya dakika 60 yenye nyimbo 40 inampa kila wimbo dakika moja na nusu. Kama nyimbo hizo kwa wastani ni dakika 5 kila moja, zote pamoja ni dakika 200. Dakika 140 zimeachwa nje. Watoto wanaoikopi mixi hiyo kutoka simu hadi simu hawajui kwamba kuna dakika 140. Faili za nyimbo nzima zikipotea kwenye laptopu ya dijei, na laptopu huku zinaibwa, zinaungua kwa stima ya juu na ya chini, basi dakika hizo zimekufa kabisa. Mixi zenu zimekuwa maktaba yetu. Hamkuomba kazi hiyo, najua, mlitaka kucheza muziki mpate kodi ya nyumba. Lakini kazi mnayo, na mnaifanya kwa shoka.

Kuna hata sheria. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, na haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa au kukatwakatwa kwa namna inayomvunjia heshima. Lakini siwatishi kwa sheria. Hakuna mzee wa kijijini atakayepanda matatu kwenda kortini kwa sababu ya sekunde mbili za mngurumo. Mpiga gitaa la pili hata hatambuliki kama mtunzi. Kinga yake ya karibu ni kidole cha mtu anayecheza wimbo.

Basi nataka nini? Nayasema kwa mpangilio, msiseme nimelia tu.

Kwanza, breki moja kwa saa. Moja. Iwe kwenye mahali panapostahili: kumaliza sehemu moja ya usiku na kuanza nyingine, kuwatoa watu kwenye nyimbo za polepole kwenda za haraka, kumwingiza bibi harusi. Ikipigwa mara moja watu watapiga nduru. Ikipigwa mara arobaini ni kikohozi.

Pili, msipige breki juu ya jina la mtu wala juu ya gitaa linaloingia. Mkishindwa kujua gitaa linaingia wapi, hamjausikiliza wimbo, na wimbo ambao hamjausikiliza msiucheze kwa watu waliolipa.

Tatu, mjifunze kuunganisha nyimbo zisizo na mapigo ya mashine. Anzeni na mwisho. Nyimbo nyingi za benga zina mwisho wake zenyewe, bendi inafunga kwa pamoja, pa! Mwisho huo ni zawadi. Uache utokee, wacha nusu sekunde ya ukimya, ingiza unaofuata. Ukimya hauumi. Umati hautakimbia kwa nusu sekunde.

Nne, katika kila mixi ya nyimbo za kwetu, angalau wimbo mmoja upite mzima, kutoka neno la kwanza hadi gitaa la mwisho. Na faili za nyimbo nzima mziweke mahali pawili, zikiwa na majina: bendi, mwimbaji, na wapiga vyombo kama kuna mzee anayewakumbuka. Muulizeni akiwa hai. Wanakwisha.

Tano ni kwenu mnaowalipa. Wazazi wa bwana harusi, kamati za mazishi, wenye baa za hapa stejini. Mkiandika kwenye karatasi nyimbo mnazotaka, andikeni na neno hili: nzima. Mpishi akikuletea nusu ya kuku uliyemlipia mzima utanyamaza? Ila wimbo mnakubali ukatwe, halafu mnasema dijei ni moto.

Najua kuna watakaoniambia vijana wa Mulot wana shida kubwa kuliko breki ya dijei. Kweli. Mahindi yana bei mbaya, kazi hakuna, mimi mwenyewe ninadaiwa kodi nikiandika haya. Lakini shida hizo hazijatuzuia kucheza muziki kila wiki, kwa hiyo kila wiki tunaamua kitu kuhusu muziki huo, tupende tusipende. Kwa sasa tunaamua kwamba mtu aliyekesha akitafuta vidole vyake kwenye nyuzi anastahili kuzimwa kabla hajaanza. Mimi sikubaliani na uamuzi huo.

Na asiyejua pa kuanzia, mimi niko hapa Mulot. Leteni flashi na wimbo mmoja wa zamani mnaoupenda. Nitawaonyesha jinsi ya kuchora breki iliyopinda, ya urefu unaolingana na baa, inayomwachia mwimbaji amalize neno lake, na sitawatoza kitu. Ila kabla hatujagusa kipanya tutaketi tuusikilize wimbo wote, mpaka mwisho, bila mtu kuongea.